Land Rover na Mafundi Wake: Gari Lililoandikwa Upya Chini ya Mwembe

Polisi wakishuka ghafla mtaani, iwe Dar es Salaam au Mbeya, haikosi utasikia mtu anasema: "Difenda hiyo!" Ukiinua macho, mara nyingi unachokiona ni Toyota Land Cruiser. Land Rover Defender yenyewe haionekani, lakini jina lake limebaki, na sasa linabebwa na gari la mpinzani wake. Kwa sisi tunaopenda lugha, hili si jambo dogo. Ni magari machache mno yaliyokaa nasi kiasi cha kutuachia nomino. Wareno walituachia meza na parafujo. Land Rover imetuachia difenda.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ni gari hili na si jingine. Jibu la haraka ni kwamba lilikuwa gari la serikali, na cha serikali hukumbukwa, kwa wema au kwa ubaya. Lakini magari ya serikali yalikuwa mengi, na mengi tumeyasahau. Jibu ninalolipendekeza hapa ni jingine: Land Rover imekaa nasi kwa sababu tuliitengeneza. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliitengeneza mara moja. Baada ya hapo ilitengenezwa upya mara nyingi sana na watu wenye spana, nyundo na mashine ya kuchomelea, kwenye gereji zisizo na ukuta, chini ya miembe na mikungu. Historia ya kiwanda imeandikwa vitabu vingi, hata namba za chasisi zimeorodheshwa. Historia ya pili iko vichwani mwa wazee ambao umri unakwenda. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Gari lililozaliwa kwa kuungaunga

Tuanze na huko lilikotoka, maana hata huko mambo hayakuwa ya kifahari kama matangazo yanavyotaka tuamini.

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini imefilisika. Maurice Wilks, mkuu wa usanifu katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Willys, mabaki ya jeshi la Marekani. Jeep ile ilikuwa imechoka na spea zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Wilks, pamoja na kaka yake Spencer aliyekuwa mkurugenzi wa Rover, wakaona bora watengeneze lao. Gari la kwanza la majaribio lilikaa juu ya chasisi ya Jeep, likafungwa injini ya Rover, na usukani ukawekwa katikati kama wa trekta. Yaani, msomaji wangu, Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa gari la kuungaunga, na iliundwa kwa sababu mtu alikosa spea. Fundi yeyote wa Gerezani angeielewa kazi ile bila kuelezwa.

Ilipozinduliwa kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, kila kitu chake kilikuwa na alama ya uhaba. Chuma kiligawiwa kwa vibali, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimeizoea. Rangi ya kijani ilitokana na akiba ya jeshi. Mabati yake yalikuwa bapa kwa sababu mashine za kukandia maumbo ya mviringo zilikuwa ghali, na kampuni yenyewe ilidhani itauza gari hili miaka michache tu mpaka hali itengemae. Haikutengemaa walivyodhani. Gari lile la kuvushia kipindi likaendelea, kwa sura mbalimbali, hadi tarehe 29 Januari 2016, likiwa limetoka kiwandani zaidi ya mara milioni 2.

Ule umaskini wa mwanzo ndio uliokuja kuwa utajiri wake huku kwetu. Bati bapa likipinda, unalinyoosha kwa nyundo na gogo. Bodi imefungwa kwa nati na bolti, basi mlango unang'oka, paa linang'oka, na kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti. Betri ikifa, kuna hendeli: unaichomeka mbele, unazungusha kwa mkono, injini inakohoa na kuwaka. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1950 haikuwa na haraka ya kwenda popote, lakini ilivumilia petroli mbovu na dereva mbovu. Lilikuwa gari lisilomficha fundi kitu.

Kutoka kwa Bwana DC hadi kwa spana boi

Afrika Mashariki, Land Rover iliingia na dola. Ilimbeba Bwana DC, mpima ardhi, daktari wa mifugo, askari wa hali ya hatari kule Kenya. Lakini gari halina chama. TANU ilipoanza kuizunguka Tanganyika miaka ya 1950 kudai uhuru, Land Rover ilikuwa miongoni mwa magari yaliyobeba viongozi wake kwenye barabara zile zile. Baada ya uhuru ikawa gari la mkuu wa wilaya, bwana shamba, bwana afya na padri. Kijijini, mlio wa Land Rover ulikuwa taarifa kamili: kuna mtu wa mjini anakuja, na huenda anataka kitu.

Na mafundi je? Hawakuota kama uyoga. Vita Kuu ya Pili iliwachukua vijana wengi kwenye jeshi la KAR, lile tulilozoea kuliita keya, na waliorudi salama wengi walirudi wakijua kuendesha na kutengeneza malori. Wengine walijifunza kwenye karakana za reli, za serikali na za wafanyabiashara wa Kihindi, hasa Wasikh, ambao Kiswahili kiliwaita makalasinga na kikawahusisha na injini kwa muda mrefu. Kijana aliingia kama spana boi: anashika tochi, anaosha vyuma kwa dizeli, anatumwa chai, na kazi yake kubwa ni kumpa fundi spana kabla hajaiomba. Mwaka wa kwanza hafunguliwi mdomo. Mwaka wa tatu anafungua injini peke yake.

Angalia na neno lenyewe. Fundi, fundisha, mwanafunzi, mafunzo: yote yametoka mzizi mmoja. Kiswahili hakikutenganisha anayejua kutenda na anayejua kufundisha. Gereji ilikuwa chuo, ila haikutoa cheti, na kwa sababu haikutoa cheti, wenye vyeti hawakuihesabu.

Ukitaka ushahidi wa chuo kile, mtazame Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda mbio za East African Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo iliyokwisha tumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, kwa lugha ya leo. Wakalifungua, wakalitengeneza wenyewe, wakawashinda waliokuja na magari mapya. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Volvo si Land Rover, najua, na barabara za mashindano si porini. Lakini somo ni lile lile: gari lililofunguliwa na kufungwa na anayelijua huwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani.

Miaka ya kukosa

Kilichomfanya fundi wetu awe mwandishi na si mnakili tu ni njaa ya spea.

Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipigwa kutoka kila upande. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Vita na Idi Amin, 1978 hadi 1979, vilikula fedha na magari. Fedha za kigeni zikawa adimu, na uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Petroli ikawa ya kupangiwa, na Jumapili mchana magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye boksi la pistoni uvunguni alikuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Kenya haikubanwa kiasi hicho. Land Rover ziliunganishwa Thika, na barabara ya Grogan jijini Nairobi, ambayo siku hizi ni Kirinyaga Road, ilikuwa tayari imejaa maduka ya spea na mafundi wa kando ya barabara. Huko ndiko jina jua kali lilikopata nguvu: watu wanaofanya kazi bila paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira Kenya iliyoeneza duniani kote ule usemi wa "sekta isiyo rasmi", na miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi ikaanza kuwatambua na kuwajengea mabanda. Kenneth King akaandika kuwahusu mafundi hawa kwenye kitabu cha 1977, kisha kingine cha 1996. Kwa upande wa Tanzania, Joshua Grace alitoa African Motors mwaka 2021, kitabu kinachowatazama mafundi na madereva kama watu waliotengeneza teknolojia, si waliopokea tu. Nasikitika kidogo kwamba vyote hivyo viko kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo yaliyovizaa mengi yalikuwa kwa Kiswahili.

Fundi anafanya nini hasa?

Hapa ningependa tusimame, kwa sababu tunapenda kumsifu fundi kwa ujumla bila kuangalia mikono yake.

Chukua springi. Land Rover za zamani, zile zinazojulikana kwa namba 88 na 109, ambazo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, zinakaa juu ya springi za majani. Jani likivunjika porini unalifunga kwa kamba za mpira wa tyubu, unaweka kipande cha mti kati ya ekseli na chasisi, unakwenda polepole. Ukifika mjini, fundi haagizi springi Uingereza. Anatafuta majani ya lori lililokufa, anayakata, anayapasha moto, anayapinda, anaongeza jani moja au mawili kwa sababu anajua mwenye gari atapakia magunia kumi na mbuzi. Gari linainuka nyuma, linakuwa gumu kama kitanda cha kamba kilichokazwa, lakini halilali tena. Hayo ni matengenezo au ni maboresho? Fundi hakuulizwa, na wala hakujiuliza. Na lile jani lililovunjika halitupwi: linakwenda kwa mhunzi, linarudi sokoni likiwa panga au sime.

Chukua hafu shafti. Huo ndio ugonjwa wa kurithi wa Land Rover za majani: unatia gia kwa pupa kwenye tope, unasikia "tah!", na gurudumu la nyuma halisukumwi tena. Mgeni angekaa kulia. Dereva aliyefunzwa anajua kwamba kwenye gari hili, ukibonyeza kitufe cha manjano au ukivuta wenzo mwekundu, ekseli ya mbele inaingia kazini, na gari linakokotwa na miguu ya mbele mpaka nyumbani. Kwa hiyo anayelijua gari hupanga safari kwa kuhesabu nini kikivunjika atafanyaje, na ndiyo maana chini ya kiti kuna hafu shafti ya akiba iliyofungwa kwenye gunia, kama mzee anavyohifadhi sanda yake.

Tangi la mafuta likitoboka na jiwe, mche wa sabuni unasuguliwa kwenye tundu mpaka linaziba, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Redieta ikivuja, kuna wanaovunja yai na kutia ute wake ndani ili joto liligandishe penye ufa. Dawa hizi si za kuponya, ni za kufikisha. Fundi wa kweli akikuona umekuja na redieta yenye mayai atakucheka kwanza, ndipo aanze kazi ya kuizibua.

Lakini kazi inayonivutia kuliko zote ni kubadilisha injini. Injini ya zamani ikichoka, na spea zake zikiwa ghali au hazipo, fundi anafunga nyingine: Isuzu, Nissan au Toyota ya dizeli, iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Mtu asiyejua atasema ni kutoa hii na kuweka ile. Sivyo. Injini ya Japani na giaboksi ya Uingereza hazikuzaliwa zijuane. Matundu ya bolti hayalingani. Fundi anapima, anachora kwa chaki, kisha anampelekea mkerezaji bamba la chuma litakalokaa kati ya hizo mbili. Mstari wa katikati wa krenki lazima ukutane sawasawa na mstari wa shafti ya giaboksi. Ukikosea kwa unene wa wembe, gari litawaka siku ya kwanza na kila mtu atapiga makofi, lakini miezi michache baadaye beringi na klachi zitakuwa zimesagika. Halafu kuna maunting mpya za kuchomelea kwenye chasisi, sampu inayogusa ekseli ya mbele, bomba la ekzosi lisilo na pa kupita, na feni iliyo mbali na redieta. Kila tatizo linazaa jingine, na hakuna kitabu cha kufungua.

Wala tusidhani huu ni uhuni wa Kiafrika. Wauzaji wa Land Rover wa Australia waliziunganisha wenyewe na injini za Isuzu za lita 3.9 miaka ya 1980, wakaziuza mpya dukani, na leo zinasifiwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ofisi ya wasanifu, na fundi wetu alikuwa na chaki.

Arusha nako kazi hii ilikua mpaka ikawa biashara kamili. Magari ya kupeleka watalii Serengeti na Ngorongoro, Land Rover kwanza na Land Cruiser baadaye, hukatwa chasisi katikati na kurefushwa, yakaongezwa viti, na paa likafanywa la kuinuka ili mgeni asimame na kamera yake. Mtalii anayerudi Ulaya na picha ya simba akiipenda ile "gari ya safari ya Kiafrika" hajui kuwa umbo lile limetoka kwa wachomeleaji wa Arusha. Oktoba 2024 mji ule ule ulipofanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari yalijipanga barabarani, na kwangu ilikuwa haki tupu: mengi kati yake yasingekuwa hai bila gereji za huko. Ukipanda kaskazini zaidi, Maralal kule Kenya, utakuta Land Rover kuukuu bado zinabeba abiria na mizigo kwenda mahali ambapo basi halithubutu.

Lugha nayo ilichomelewa

Gereji ni mahali pa maneno pia. Sikiliza orodha ya fundi anapokutuma dukani: gasketi, oili sili, bushi, beringi, propela, difu, nozo, plagi. Kila neno limeondolewa konsonanti zilizokuwa zinakwaruza, likaongezewa irabu mwishoni, likafungwa viambishi vyetu na kutiwa barabarani. Kwa kweli neno "giaboksi" limefungwa kwenye sarufi yetu kama ile injini ya Isuzu kwenye chasisi ya Land Rover: lazima kuwe na bamba la kuunganishia, na bamba lenyewe ni ngeli.

Lakini si maneno yote yaliyokopwa. Tupa, tindo, nyundo na msumeno yalikuwepo kwa wahunzi na maseremala kabla ya injini ya kwanza kuja. Kukereza ilikuwa kazi ya mbao, leo ni ya chuma. Na lile neno kubwa kuliko yote, usukani, limetoka baharini. Kabla ya kuwa mikononi mwa dereva lilikuwa mikononi mwa nahodha. Waswahili walipoliona gari hawakuona kitu kigeni kabisa. Waliona chombo.

Uhalisi ni nini?

Nikisema chombo, namaanisha. Jahazi la Lamu au Unguja likizeeka, hupandishwa pwani. Ubao uliooza unatolewa na kuwekwa mwingine. Nyufa zinakalafatiwa kwa pamba na mafuta, na chini linapakwa mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Baada ya miaka mingi, mbao za mwanzo zinaweza kuwa zimekwisha zote. Hakuna nahodha anayekaa kuuliza kama bado ni jahazi lile lile. Lina jina lile, linavua au kubeba mizigo ile, limerithiwa. Basi ni lilo.

Huko Uingereza swali hili limekuwa na majibu mengine. Wakusanyaji wa Land Rover za zamani wanatafuta uhalisi: injini yenye namba iliyotoka na gari, rangi ya mwaka wake, hata kichwa cha bolti cha wakati huo. Mwaka 2016, mwaka uleule Defender ilipokoma, kampuni yenyewe ilianza kuuza Land Rover za mwanzo zilizorudishwa kama zilivyokuwa mpya, kwa bei ya watu wenye nafasi. Siwabezi. Bila wao tusingejua mengi ya mwaka 1948. Lakini gari lile sasa limekuwa nakala safi ya kitabu kwenye kabati la kioo. Halisomwi tena.

Sisi wasomaji wa tenzi tunapaswa kuuelewa mgogoro huu kuliko wengi. Miswada ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ilinakiliwa kwa mkono, na kila mnakili aliacha alama. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Nasir inajulikana kwa miswada inayotofautiana. Mmoja wa wanakili wakubwa wa Lamu, Muhammad Kijuma, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao kwa pamoja. Kwa neno moja, fundi. Mtaalamu wa Ulaya alitaka kuujua mswada wa mwanzo. Jamii ilitaka utenzi usomwe kesho. Pande zote mbili zina haki yake, lakini ni upande wa pili ndio uliofanya utenzi ufike hadi leo.

Land Rover yenye springi za lori, injini ya Nissan, viti vya basi na chasisi yenye viraka kumi ni mswada wa namna hiyo. Ukijua kusoma, unaona mikono: hapa alipita fundi mwenye mchomeleo safi, hapa alipita mwenye haraka, hapa mwenye gari hakuwa na pesa, hapa chumvi ya Tanga ilikula chuma wakati aluminiamu juu yake inang'aa kama juzi.

Tusiwapambe, lakini tusiwaache wapotee

Sitaki kumaliza kwa nyimbo za sifa tu. Kuna uundaji unaoua. Breki za ngoma zilizosanifiwa kwa injini ya polepole haziwezi kuisimamisha injini yenye nguvu maradufu kwenye mteremko, na mtu aliyebadilisha injini bila kugusa breki amefanya nusu ya kazi, nusu ya hatari. Chasisi iliyokatwa na kuungwa na mchomeleaji asiyejua mzigo unapopita inaweza kukatika ikiwa na watu kumi na wawili ndani. Spea bandia zimejaa. Na ule mchezo wa walaghai wa kujaza ndizi au unga wa mbao kwenye difu ili mnunuzi asisikie kelele unajulikana pande nyingi za dunia. Fundi mbaya yupo, na marehemu wake wapo. Kumheshimu fundi ni pamoja na kumdai.

Ila ninachokiogopa zaidi ni kingine. Kuanzia injini ya Td5 ya mwaka 1998, Land Rover nayo iliingia kompyuta. Injini ile ina ugonjwa maarufu: oili hupenya kwenye nyaya za nozeli na kutambaa ndani ya waya mpaka kwenye plagi ya kompyuta, gari likaanza kukosa. Mafundi wetu waliujua, wakajifunza kusafisha plagi na kubadilisha nyaya. Sasa vijana wengi wana mashine za kupima gari, na sioni haja ya kuwalilia kana kwamba wameshindwa. Lakini magari mapya yanafunga milango moja baada ya nyingine, na sehemu nyingine ya gari haitambui spea mpya mpaka kompyuta ya mwenye kiwanda iikubali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na hiyo ina sababu zake, lakini maana yake ni kwamba magari yanayofunguka kwa spana hayaongezeki. Yaliyopo ndiyo hayo.

Pamoja nayo wanakwenda waliojua kuyasikiliza. Mzee anayeweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akakwambia beringi ya ngapi imekufa, hakuandika popote. Wanafunzi wake walijifunza kwa kutazama, na wengi wao leo wanafungua magari mengine. Tuna vitabu vya Kiswahili vya kilimo, vya afya, vya dini, vya mapishi. Historia ya gereji zetu kwa lugha iliyosemwa gerejini, yenye kueleza nani alikuwa wa kwanza mjini kwake kufunga Isuzu kwenye 109 na bamba lake lilikuwa na unene gani, mimi sijaiona kwenye rafu.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji simu yenye kinasa sauti, mchana mmoja, na adabu ya kukaa kimya fundi anapofanya kazi. Wengi wetu tunaosoma hapa tunaandika hadithi na mashairi, na tunalalamika kwamba Kiswahili cha sayansi ni kigumu na cha kutungwa ofisini. Kipo kingine, hakikutungwa ofisini, kina miaka sabini na zaidi, na kinanuka oili. Anayemjua fundi mzee amwendee kabla msimu huu haujaisha, amuulize gari lake la kwanza lilikuwa lipi na lilikuwa linaumwa nini.